Kuzingatia, Kushirikisha, Kimila: Maneno Mepesi katika Sheria za Bahari

Wafasiri wa sheria hulalamikia maneno magumu. Huomba istilahi za vipimo vya kina, za madini yaliyomo chini ya bahari, za viumbe wasio na jina katika kamusi zetu. Na kwa hakika wanastahili kusikilizwa. Lakini tangu Bunge la Tanzania lilipotunga sheria mwaka 2021 ya kukifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria na ya mahakama, na kazi ya kufasiri sheria ikashika kasi, imedhihirika kwamba hatari kubwa haimo katika maneno hayo. Neno gumu humsimamisha mfasiri akauliza. Neno jepesi hulipita mbio, naye msomaji hulipita vivyo hivyo, mpaka siku ya shauri mahakamani.

Makala haya yanakusudia kuchunguza maneno machache ya namna hiyo, hasa "kimila", "kushirikisha" na "kuzingatia", katika uwanja mmoja tu, nao ni haki za wenyeji juu ya bahari yao pale sheria za mipango ya mazingira zinapoamua nani ajenge nini, afuge nini na achimbe nini majini. Mfano wetu mkuu utatoka Nyuzilandi. Huko, mgogoro wa Wamaori na serikali juu ya bahari umekuwa, kwa sehemu kubwa, mgogoro wa maneno, na kumbukumbu zake zimeandikwa kwa ukamilifu ambao mfasiri wa mahali popote anaweza kuutumia.

Mgogoro wenyewe ulianza kwa tafsiri. Mkataba wa Waitangi, uliotiwa saini tarehe 6 Februari 1840 baina ya wawakilishi wa Malkia wa Uingereza na machifu wa Kimaori, ulifasiriwa kwa Kimaori na mmisionari Henry Williams pamoja na mwanawe Edward katika usiku mmoja tu, wa kuamkia tarehe 5. Katika matini ya Kiingereza machifu walikabidhi enzi kuu. Katika matini ya Kimaori walikabidhi "kawanatanga", neno lililoundwa kwa kulitohoa neno la gavana na kulipachika kiambishi tamati cha kuundia nomino dhahania. Kana kwamba sisi tungesema "ugavana" na kutaraji msikilizaji aelewe kwamba nchi imekwenda. Kadhalika matini ya Kiingereza ilitaja waziwazi, pamoja na ardhi na misitu, mahali pa uvuvi. Matini ya Kimaori haikutaja uvuvi hata kidogo. Ilisema "taonga", yaani tunu, vitu vyote vyenye thamani. Mtu aweza kudai kwamba neno pana ni bora kuliko orodha, kwa kuwa bahari yote imo ndani yake. Lakini machifu zaidi ya 500 walitia saini, na wengi wao sana walitia saini matini ya Kimaori. Na kwa zaidi ya karne moja serikali ilijiendesha kwa ile nyingine.

Inafaa sasa tuliangalie neno la kwanza ambalo Kiswahili kinalo kwa utajiri kuliko tunavyokumbuka. Sheria za Nyuzilandi hugombania hasa ile sehemu ya nchi iliyo kati ya maji kujaa na maji kupwa. Nimeona tafsiri zikiiita sehemu hiyo "ufukwe", "ukanda wa pwani", hata "eneo la mbele ya bahari", maneno yanayoonyesha kwamba mfasiri aliangalia kamusi badala ya kuangalia bahari. Neno letu ni "pwani". Limetokana na kitenzi "kupwa": pwani ni mahali maji yanapopwa. Mwanamke wa Paje au Jambiani akisema anakwenda pwani, hasemi kwamba anakwenda Mkoa wa Pwani, wala hasemi kwamba anakwenda kupunga upepo mchangani. Anakwenda kwenye eneo lililoachwa wazi na maji, ambako tangu mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kimefanyika, na ambako kabla ya mwani watu walichokoa pweza na kuokota chaza. Maana ya kijiografia, yaani nchi yote iliyo kando ya bahari, imelimeza neno hili katika matumizi ya ofisi. Mfasiri wa sheria alirudishie maana yake ya kwanza, na ile maana pana aipe neno "mwambao", ambalo limekuwapo muda wote.

Mpaka wa juu wa pwani hiyo nao una jina. Sheria ya Nyuzilandi ya mwaka 2011, ambayo tutaieleza hivi punde, inaanzia kwenye mstari wa wastani wa kujaa kwa maji ya bamvua na kwenda hadi mwisho wa bahari ya kitaifa, maili 12 za baharini. Bamvua na maji mafu ni maneno ya kila mvuvi, na hayahitaji kamati. Nayasisitiza kwa sababu Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya Tanzania ya mwaka 2004 inazuia shughuli za kudumu ndani ya mita 60 za ukingo wa bahari, na katika pwani iliyo tambarare mita hizo zikipimwa kutoka maji mafu au kutoka bamvua hutoa mahali mbali mbali kabisa. Afisa mipango aliyeandikiwa "kutoka baharini" ana uhuru mkubwa mno wa kuchagua.

Mwaka 1963 Mahakama ya Rufani ya Nyuzilandi iliamua, katika shauri la ufuko uitwao Ninety-Mile Beach, kwamba Wamaori hawakuwa na milki yoyote iliyobaki juu ya pwani pale ambapo ardhi iliyopakana nayo ilikuwa imekwisha kuchunguzwa na mahakama ya ardhi. Uamuzi huo ulidumu miaka 40. Makabila ya Marlborough, kaskazini ya Kisiwa cha Kusini, ambayo maombi yao ya kufuga kome yalikuwa yakikataliwa huku wengine wakipewa vibali, yalikwenda mahakamani. Na mwezi Juni 2003, katika shauri lijulikanalo kwa jina la Ngati Apa, mahakama ile ile ikautengua. Haikusema kwamba pwani ni ya Wamaori. Ilisema tu kwamba Mahakama ya Ardhi ya Wamaori ina uwezo wa kusikiliza swali hilo. Hata hivyo Bunge liliharakisha sheria ya mwaka 2004 iliyoiweka pwani na sakafu ya bahari mikononi mwa serikali, na maelfu ya watu waliandamana hadi Wellington. Sheria hiyo ilifutwa mwaka 2011 na badala yake ikaja Sheria ya Eneo la Bahari na Mwambao, iitwayo pia Takutai Moana.

Sheria hii ya 2011 ni shule nzima ya istilahi. Inaunda eneo linaloitwa la pamoja, au ndivyo mfasiri wa haraka atakavyosema. Lakini katika Kiswahili mali ya pamoja ni mali yenye wenyewe wengi: shamba la pamoja la ndugu, akaunti ya pamoja ya mume na mke. Sheria inasema kinyume chake, kwamba eneo hilo halimilikiwi na serikali wala na mtu mwingine yeyote, wala haliwezi kumilikiwa. "Eneo la umma" halifai pia, maana kwetu kitu cha umma hueleweka kuwa kiko mikononi mwa serikali, jambo ambalo sheria ya 2011 ilikusudia kuliondoa. Napendekeza "eneo la bahari lisilo na mmiliki". Ni refu, lakini ni kweli. Ufupi wa istilahi ni sifa njema baada ya ukweli, wala si kabla yake.

Ndani ya eneo hilo lisilo na mmiliki, sheria inaruhusu kundi la Wamaori kutambuliwa kuwa na milki inayotokana na sheria zao za mila. Hapa nimeona "hati ya kimila ya bahari". Kosa ni mawili katika maneno matatu. Hati ni karatasi. Katika fikra ya sheria ile milki ilikuwapo kabla ya karatasi. Mahakama inaitambua, haiiumbi. Wasomaji wa Tanzania wanaweza kulinganisha na Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999, ambayo inaipa haki ya kimila ya kumiliki ardhi hadhi na nguvu sawa na haki iliyotolewa na serikali. Mwanakijiji asiye na cheti bado ana haki. Cheti ni ushahidi wake tu. Lakini kwa kuwa watu wamezoea kuita vyote viwili "hati", si ajabu kumsikia mtu akisema hana haki kwa sababu hana hati. (Lile neno "hakimiliki", ambalo limepewa kazi ya ardhi na papo hapo kazi ya vitabu na nyimbo, ni ugomvi wa siku nyingine.)

Sasa tuje kwenye "kimila". Kiambishi "ki-" kinapotangulia jina hivi hueleza namna: ngoma ya kimila, mavazi ya kimila, kula kizungu, kwenda kijeshi. Kwa hiyo "haki ya uvuvi ya kimila" husikika masikioni mwa Mswahili kuwa ni haki ya kuvua kwa namna ya zamani, kwa mtumbwi, dema na mshipi, kwa ajili ya kitoweo na sadaka. Mvuvi akifunga mashine, au akipeleka samaki mnadani, basi ametoka katika mila na haki imemtoka. Hali hii si dhana tupu. Huko Nyuzilandi neno la Kiingereza lenye kasoro kama hiyo limefanya kazi hiyo hiyo. Mwaka 1986 Mahakama Kuu ilimwachia huru Tom Te Weehi, aliyekuwa ameshitakiwa kwa kuchukua paua 46, aina ya konokono wa miambani, walio wadogo kuliko kipimo cha sheria. Mahakama ilikubali kwamba sheria ya uvuvi ya mwaka 1983 ilikuwa imeacha haki za uvuvi za Wamaori bila kuguswa. Baraza la Waitangi, linalochunguza malalamiko ya Wamaori, lilieleza katika taarifa yake ya mwaka 1988 juu ya uvuvi wa Muriwhenua kwamba biashara ya samaki ilikuwa sehemu ya maisha ya watu wale tangu zamani. Kisha yakaja mapatano ya mwaka 1992, ambayo yaliwapa Wamaori sehemu katika mfumo wa viwango vya uvuvi wa biashara na kuuweka upande mwingine uvuvi ulioitwa wa kimila. Kanuni za mwaka 1998 zikaufafanua uvuvi huo wa pili kuwa ni ule usio wa biashara wala wa faida ya fedha. Tangu hapo "kimila" na "bila kuuza" vimekuwa kitu kimoja kwa amri. Yapo ya kusemwa kwa upande wa mapatano yale, na wako Wamaori waliojipatia mali nyingi kwayo. Lakini katika maana ya neno, hasara ilikuwa kubwa.

Ajabu ni kwamba sheria ya 2011 yenyewe inajua hatari hii. Inapoeleza haki zinazolindwa, inataka ziwe zimetumika tangu mwaka 1840 na ziendelee kutumika kwa mujibu wa tikanga, iwe kwa namna ile ile, au kwa namna inayofanana, au kwa namna iliyobadilika kadiri ya wakati. Maana yake ni kwamba chimbuko la haki ndilo linalohesabiwa, si vazi lake. Mfasiri anayeandika "haki za kimila" kwa mkono mmoja na "namna iliyobadilika" kwa mkono mwingine anaifanya sheria ijipinge. Aandike "haki zitokanazo na sheria za mila". Neno "zitokanazo" ndilo linalobeba mzigo. Linasema haki imetoka wapi na kuacha wazi itumiwe kwa chombo gani. Na neno "sheria" lisikatwe hapo kwa kuona kwamba "mila" inatosha. Tanzania ilipotangaza sheria za mila kwa maandishi mwaka 1963, matangazo yalihusu ndoa, mahari, ulezi, wosia na urithi. Bahari haikuwamo. Asiyeona sheria ya bahari katika maandishi hayo hudhani haikuwapo, hali wavuvi wa dago, wanaopiga kambi kwa msimu katika pwani ya wenzao, wanajua vyema kwamba huanza kwa kupiga hodi kwa wenyeji. Te Weehi naye, akiwa mgeni katika pwani ile, alikuwa ameomba ruhusa kwa mzee wa wenyeji kabla ya kugusa paua; na hilo lilikuwa sehemu ya hoja iliyomwokoa.

Vitenzi vina hatari kubwa zaidi ya nomino, kwa kuwa wanakamati za istilahi hawavishughulikii. Sheria ya Usimamizi wa Rasilimali ya mwaka 1991, iliyotawala mipango ya nchi kavu na bahari ya Nyuzilandi kwa zaidi ya miaka 30, ina vifungu vitatu vinavyofuatana ambavyo kila wakili wa mazingira huko anavijua kwa moyo. Kifungu cha 6 kinataja mambo yenye umuhimu wa kitaifa, na miongoni mwake ni uhusiano wa Wamaori na ardhi ya mababu zao, maji, mahali patakatifu na tunu nyinginezo. Kifungu cha 7 kinataja kaitiakitanga, yaani utunzaji wa wenyeji. Kifungu cha 8 kinataja misingi ya Mkataba wa Waitangi. Kila kifungu kina kitenzi chake. Cha kwanza kinamwamuru mwenye madaraka atambue na kutimiza. Cha pili kinamtaka ayape mambo yale uzito wa pekee. Cha tatu kinamtaka ayatie maanani. Mashitaka mengi yamejengwa juu ya ngazi hii, kwa sababu anayetakiwa kutimiza hawezi kusema amelifikiria jambo na kuliacha, hali anayetakiwa kutia maanani aweza kufanya hivyo na bado akawa ameitii sheria. Ni jambo la kushangaza, na Wamaori wameshangaa sana, kwamba Mkataba wenyewe uliwekwa kwenye ngazi ya chini kabisa.

Fasiri vifungu hivyo kwa Kiswahili cha ofisi zetu, na utapata "kuzingatia", "kuzingatia" na "kuzingatia". Labda mfasiri mwenye ari ataongeza "kikamilifu" mahali pamoja. Ngazi imevunjwa, na hakuna aliyeona ikivunjwa, kwa kuwa kila sentensi ikisomwa peke yake ni Kiswahili kizuri. Ningependa wafasiri wakubaliane kwamba "kuzingatia" lisitumike katika sheria ila kwa wajibu wa chini, ule wa kulifikiria jambo. Na wajibu wa juu uandikwe kwa vitenzi vya kutenda: kutimiza, kulinda, kuhakikisha. Asemaye kwamba hii ni kupasua nywele na asome hukumu ya Mahakama ya Juu ya Nyuzilandi ya mwaka 2014 katika shauri la ufugaji wa samaki aina ya samoni huko Marlborough. Sera ya taifa ya mwambao ya mwaka 2010 ilitaka madhara ya aina fulani yaepukwe. Waliotoa kibali walikwisha kuona kwamba mahali pamoja madhara yangekuwa makubwa, lakini wakayapima na faida na kuruhusu. Mahakama ilisema kwamba kuepuka maana yake ni kutoruhusu, wala si kupima. Na kibali cha mahali pale kikaanguka. Shauri lote lilisimama juu ya kitenzi kimoja ambacho mwanafunzi wa darasa la tano anakijua.

Hali kadhalika "kushirikisha". Neno hili lilikuja na nia njema, nalo limekuwa gunia la kutilia kila kitu. Mkutano ulioitishwa ili watu waambiwe jambo lililokwisha kuamuliwa ni ushirikishwaji. Karatasi ya mahudhurio yenye sahihi 80 ni ushahidi wa ushirikishwaji. Kamati iliyopiga kura na kukataa, ikapuuzwa, nayo ilishirikishwa. Sheria ya 2011, kwa upande wake, inatenganisha mambo haya kwa ukali. Kundi ambalo limeomba kutambuliwa lakini halijatambuliwa bado, muombaji wa kibali anapaswa kuliarifu na kutaka maoni yake kabla ya kupeleka maombi, halazimiki kuyafuata. Kundi lenye haki inayolindwa, kibali hakiwezi kutolewa kwa shughuli itakayoiathiri haki hiyo kupita kiasi kidogo, isipokuwa kundi lenyewe limekubali kwa maandishi. Na kundi lenye milki ya bahari lina uwezo wa kuruhusu au kukataa, kwa sababu yoyote litakayoiona, ingawa sheria imetenga shughuli kadhaa ambazo uwezo huo hauzifikii. Kutaka maoni, kukubali kwa maandishi, kuruhusu: hatua tatu, na baina ya ya kwanza na ya tatu pana tofauti kati ya mtu anayeulizwa habari za nyumba na mtu mwenye ufunguo wa nyumba.

Kiswahili kina maneno yote yanayohitajika hapa, na hili ndilo linalonitia uchungu. Tuna kuarifu, kutaka maoni, kushauriana, kuafikiana. Tuna ridhaa, ambayo ni kukubali kwa moyo. Tuna idhini, ambayo hutoka kwa mwenye madaraka. Tuna ruhusa, na kibali. Hata Kiingereza kimebanwa hapa kuliko sisi, maana kinatumia neno moja kwa kibali cha halmashauri na kwa ridhaa ya wenyeji, na mfasiri asipoangalia ataandika "ridhaa ya rasilimali", kana kwamba samaki ndio walioridhia. Azimio la Umoja wa Mataifa la mwaka 2007 juu ya haki za watu wa asili, ambalo Nyuzilandi ililipinga kwa kura na kuja kuliunga mkono mwaka 2010, na ambalo Kenya haikulipigia kura upande wowote, linazitaka serikali zishauriane na wenyeji kwa nia njema ili kupata ridhaa yao iliyo huru. Kushauriana ni njia na ridhaa ni mwisho wa njia. Tafsiri inayoandika "kuwashirikisha wananchi kikamilifu" imeifuta safari nzima.

Nimetumia maneno ya Kimaori mara kadhaa bila kuyafasiri, na wako watakaouliza kwa nini nawahimiza wengine wafasiri kwa uangalifu hali mimi nayaacha. Sheria za Nyuzilandi zenyewe ziliyachukua maneno hayo na kuyaingiza katika matini ya Kiingereza. Wengi huusifu utaratibu huo. Mimi nausifu nusu. Neno limeingia, lakini limeingia na fafanuzi fupi la Kiingereza shingoni. "Tikanga" limefafanuliwa kuwa ni maadili na desturi za Wamaori. Ndani ya neno hilo mna "tika", yaani kilicho sawa, kilicho haki. Kwa hiyo ni kanuni ya lililo sawa kutendwa, na Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilikiri mwaka 2022, katika shauri la Ellis, kwamba tikanga ina nafasi yake katika sheria ya nchi inayojengwa na mahakama. Fafanuzi la bunge halikuwa limefika huko. Neno letu lililo karibu zaidi ni "ada", ambalo kwa bahati mbaya wanafunzi wetu wanalijua kuwa ni fedha za shule. "Kaitiakitanga" nalo lilifafanuliwa kwa maneno ya ulezi na uangalizi, na marekebisho ya mwaka 1997 yalilazimika kubainisha kwamba ni kazi ya wenyeji wa mahali kwa mujibu wa tikanga, wala si sifa ya kila mtu apendaye mazingira. Katika Kimaori kaitiaki aweza kuwa mtu, na aweza kuwa papa au taa anayelinda maji ya ukoo. "Ulezi" haulibebi hilo, wala "ulinzi", ambao unanukia bunduki. Kwa maneno mawili haya nashauri tuyaache yalivyo, tuyafafanue kwa sentensi nzima mara ya kwanza, na tusitie "mila na desturi" kwa kuwa tu wino umekauka.

"Rahui" ni tofauti. Hilo twaweza kulifasiri. Ni kufunga bahari kwa muda, ili viumbe waongezeke, au kwa heshima baada ya mtu kufa maji. Sheria ya uvuvi ya mwaka 1996 inamruhusu waziri kufunga eneo kwa muda usiozidi miaka miwili kwa kuunga mkono desturi hiyo. Vijiji kadhaa vya Unguja, Pemba na Mafia vimekuwa vikifunga miamba ya pweza kwa miezi michache na kuifungua, na wanavijiji husema hivyo hivyo, kufunga na kufungua. Nimesoma taarifa iliyoita jambo hilo "usitishaji wa muda wa shughuli za uvunaji". Mvuvi aliyefunga mwamba wake hatajitambua humo.

Kwa wanaofuatilia mashauri yenyewe, yafaa kujua kwamba mambo hayajatulia. Mwaka 2019 Mahakama ya Rufani iliamua, katika shauri la wenyeji wa kisiwa cha Motiti, kwamba halmashauri za mikoa zinaweza kuzuia uvuvi kwa kutumia sheria ya mipango, maadamu shabaha ni kulinda viumbe na thamani ya mahali kwa wenyeji, si kuongoza uvuvi wenyewe. Na mwaka 2021 maeneo matatu ya miamba karibu na kisiwa hicho yakafungwa. Sheria iliyotungwa mwaka 2023 kuchukua nafasi ya ile ya 1991 ilifutwa kabla mwaka huo haujaisha. Desemba 2024 Mahakama ya Juu ilitoa tafsiri ya masharti ya kuthibitisha milki ya bahari, na mwaka 2025 Bunge likayakaza masharti hayo ili iwe vigumu zaidi kuyatimiza. Ugomvi ulikuwa juu ya maneno yanayotaka eneo liwe limetumiwa na kukaliwa na kundi peke yake tangu 1840 bila kukatizwa kwa kiasi kikubwa. Mwishoni mwa mwaka huo huo miswada miwili mipya ya kuiondoa ile ya 1991 ilifikishwa bungeni.

Atakayefasiri masharti hayo ya mwaka 1840 kwa Kiswahili atakutana na neno "peke yake". Kundi lililokuwa likiwakaribisha wageni waliopiga hodi, wakavua na kuondoka, je, lilikuwa na bahari peke yake? Kwa "peke yake" mtu atajibu hapana, kwa kuwa wageni walionekana majini. Kwa "yenye mamlaka ya kuwazuia wengine" atajibu ndiyo, kwa kuwa asiyeweza kuzuia habishiwi hodi. Kabla ya istilahi hiyo kuingizwa katika orodha yoyote, napendekeza iandikwe kwa njia hii ya pili.